Buibui wa Darini, Mabuibui ya Sakafuni

Jumatatu, 9 Juni 2025

Dari bado liko sakafuni. Nimeuegemeza ule ubao ukutani na kuugeuzia mgongo ili tusitazamane.

Niandike vizuri, maana siku moja watu watataka kujua ugunduzi huu ulianzaje. Mvua za masika zililowesha ubao wa dari juu ya kitanda chetu, ukaanguka. Yuliana, mke wangu, alikuwa tayari ameshakwenda kwa mama yake, kule Matombo mlimani, kujifungulia huko. Mungu ni mwema. Nikanunua ubao mpya, nikapanda ngazi, nikagonga msumari wa kwanza. Ukaingia kwenye bomba la maji. Bi Mwajuma, mama mwenye nyumba wetu, alitembea na ndoo siku nzima, akatangaza kwamba chumba kile hakitagongwa msumari tena. Mtaa mzima wa Mwembesongo ulisikia.

Kwa hiyo nina ubao na sina ruhusa ya msumari. Na Jumapili arobaini ya uzazi inaisha. Yuliana alinipigia wiki iliyopita, lakini mtandao wa kule mlimani ni wa kubahatisha. Nilisikia: "Sirudi mpaka..." Mkwaruzo. Kisha: "...dari..." Simu ikakata. Nimemwelewa mke wangu. Mimi ni mtu wa kuelewa haraka. Harudi mpaka dari lipande.

Nisipolipandisha, mama mkwe atawakalisha huko mpaka mavuno. Na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, wenyewe hawaoni ajabu. Mimi Mngoni wa Songea, kwetu mtoto ni wa baba. Binti yangu nimemwona kwenye picha tu. Amekunja ngumi, amekasirika, mzuri sana. Nimeapa: sipandi mlimani mpaka dari lipande kwanza. Nitakwenda kumwonyesha uso gani, mimi baba asiye na dari?

Leo jioni nimelala kitandani natazama tundu. Pembeni ya tundu, kwenye kipande cha dari kilichobaki, buibui. Bapa, mweusi, mpana kama kifuniko cha chupa ya maji. Kichwa chini miguu juu, ametulia. Nikampulizia. Wapi! Nikampepea na gazeti. Akasogea kidogo, kwa dharau. Hana msumari, hana ngazi, hana mama mwenye nyumba.

Nikaketi wima. Ana gundi! Miguuni! Gundi isiyotoboa bomba!

Nimemwita Mjumbe, kwa sababu anakaa juu na kuona ya kila mtu. Kesho nakusanya wenzake. Baraka jirani, fundi seremala mwenye drili ya umeme na maneno mengi, kila asubuhi ananiuliza kwa sauti, "Injinia, dari limepanda?" Siku zake zinahesabika.

Jumanne, 10 Juni

Kibanda changu kiko Msamvu, jirani na stendi. Kava za simu, protekta, chaja. Nafasi nzuri kwa biashara na nzuri zaidi kwa sayansi, kwani watu wa mikoa yote hupita hapo. Nikachukua boksi, nikaandika kwa maka nyeusi:

NANUNUA BUIBUI. NALIPA KWA KAVA ZA SIMU.

Kifupi. Wazi. Nilitaka kuongeza "wazima" lakini boksi liliisha.

Wa kwanza kuja ni Mwanahawa, anayeuza vitumbua kibanda cha pili. Alisoma, akafikiri, akaondoka. Nikamsifu moyoni. Anaogopa wadudu lakini anakwenda kunitafutia! Akarudi na mfuko. Nikaupokea kwa mikono miwili, taratibu, nisiwajeruhi. Nikauchungulia.

Nguo. Buibui jeusi la kuvaa, la zamani, limepauka mabegani.

Nilifungua mdomo. Mwanahawa akasema limemtumikia vizuri, alilivaa kwenye harusi ya dada yake, na amefurahi kwamba kuna mtu anayethamini vitu vya zamani, basi atachagua kava ile yenye maua. Ungemwambia nini mtu kama huyo? Nikampa kava yenye maua. Nikampa na protekta.

Kosa langu la pili ni kumshukuru kwa sauti. Mwanahawa ana sauti na ana ndugu. Mpaka saa ya kufunga walikuja wanawake kutoka pande zote, na mabuibui ya kushonwa Dar, ya kushonwa hapahapa, moja lenye shanga. Kila mmoja ananisimulia historia ya buibui lake. Mmoja alitoa machozi kidogo. Sikumkatalia yeyote, sina moyo huo. Kava zimebaki za simu za zamani tu, zile ambazo wenye simu zake wameshakufa.

Buibui wa kweli niliyempata: mmoja, nyuma ya friji ya soda, nimemkamata mwenyewe. Tumbo kubwa. Nimemwita Katibu.

Rundo la nguo nimelimwaga sakafuni chumbani. Bi Mwajuma alichungulia, akaona, akasema "Haya," akaenda zake. Sijaipenda ile haya.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi nilikwangua utando wote wa nyumba, nikauchemsha kwenye sufuria ili kupata gundi. Nimepata uji wa kijivu. Nikaupaka kwenye kipande cha ubao, nikakibandika darini, nikakiachia. Kikaniangukia usoni. Nikajaribu mara ya pili, kikafuata njia ileile. Sufuria ni ya Bi Mwajuma. Nimeiosha. Nimeirudisha ikiwa na harufu.

Mchana, neema. Dokta Winfrida, mwalimu wa chuo kikuu, mteja wangu wa siku zote kwa sababu huangusha simu kila mwezi, alikuja kubandikiwa protekta. Akasoma bango, akaniuliza nawataka buibui wa aina gani, wa ukutani au wa bustanini. Karibu nimkumbatie! Binadamu wa kwanza kuelewa Kiswahili! Kumbe ndiyo kazi yake, anafundisha somo la viumbe wadogo.

Nikamwambia natafuta gundi ya wadudu hawa. Akasema kwanza buibui si mdudu, wadudu wana miguu sita. Pili hana gundi. Nikamwambia ninaye nyumbani, anayo. Akasema utando hutoka nyuma, tumboni, na miguu mikavu kabisa. Nikasema basi ananing'inia kwa nini, kwa imani? Akacheka, akavuta kigoda.

Nayaandika maelezo yake kadiri nilivyoyashika. Ncha ya mguu wa buibui huyo ina kishungi cha nywele. Kila unywele umepasuka kuwa nywele nyingine, ndogo mno, na kila kinywele kina ncha bapa. Ncha hizo zinaukaribia ukuta mno, mpaka kati ya mguu na ukuta hakuna nafasi ya kitu. Vitu viwili vikikaribiana kiasi hicho, vinavutana. Kila kinywele kinavuta kidogo tu, uvutano dhaifu wa kuudhi. Ila viko maelfu kwa maelfu, na miguu ni minane. Akitaka kuondoka anainua mguu kwa kuubandua pembeni, hauvuti wote kwa mpigo. Ukutani penye mikwaruzo ana na kucha zake. Buibui wasio na vishungi ndio wale tunaowakuta wamenasa kwenye beseni, wanapanda wanateleza, wanapanda wanateleza. Nimewahi kuwacheka. Sasa nawaonea huruma.

Akaninyang'anya protekta niliyokuwa nabandika. Akasema karibu ni kama hii: kioo kikiwa safi inalala yenyewe na kushika, vumbi likiingia katikati inafanya mapovu. Akamaliza kwa sentensi aliyoipenda sana, nikaona anaipenda: buibui hashikiliwi na gundi, anashikiliwa na ukaribu.

Nikamwambia nilikuwa najua.

Sikuwa najua. Nikafunga kibanda mapema nikarudi nyumbani, nikamtazama Mjumbe kwa macho mapya. Jambo kubwa nimelipata. Neno lenyewe, ufunguo wa kila kitu.

Nywele!

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya malighafi. Nimekusanya: nywele za saluni, gunia dogo, bandia na za asili zimechanganyika. Burashi za viatu, nimeazima kwa wang'arisha viatu wa stendi, kila mmoja akinitazama miguuni ambako nimevaa kandambili. Burashi ya kusugulia choo, mpya.

Baraka akanikuta getini na gunia. "Injinia, sasa unalisuka dari?" Akasema ana skrubu na ana drili, ni kazi ya chai moja, na bomba analijua lilipo. Nikamwambia teknolojia ya kutoboa imepitwa na wakati. Akasema sawa. Akacheka mpaka akashika ukuta. Ni jirani mwema kwa jumla, ningependa tu asiwe mwema karibu yangu.

Mjumbe na Katibu nimewaweka pamoja kwenye ndoo nyeupe ya rangi, nimeifunika kwa chandarua. Nadhani Katibu ni mama mtarajiwa. Nimewapa nzi mmoja wagawane. Saa nzima nikaangalia miguu yao. Vizuri sana wanavyotembea, hawana haraka, wanaweka mguu huu, wanasubiri ushike, wanaweka mwingine. Nimewapenda, sikatai.

Alasiri ujumbe wa Yuliana. Kule anapanda mpaka jiwe la nyuma ya kanisa ndipo apate mtandao, na mtoto mgongoni, ili aniandikie mimi. Ameandika: "Nasikia unanunua mabuibui. Ya nani?"

Habari zinapanda mlima haraka kuliko gari. Ndugu wa Mwanahawa hufuata ndizi Matombo, bila shaka ni hao. Nikaona nimwondolee wasiwasi mara moja, kwa maelezo kamili. Nanakili nilichomjibu, kwa sababu nimeridhika nacho:

"Si mabuibui mke wangu. Ni wenyewe. Wako wawili tu, nimewaweka chumbani kwetu. Wapole, hawana kelele. Mmoja nadhani ana mimba. Wakishanionyesha siri yao nitawatoa. Usijali kitu, kila ninachofanya ni kwa ajili ya dari."

Hajajibu. Nimesubiri mpaka magharibi.

Amefurahi.

Ijumaa, 13 Juni

Siku nzito. Naanza na sayansi.

Nimefunga burashi za viatu chini ya kandambili kwa kamba ya mpira, na nyingine mbili viganjani. Hesabu yangu rahisi: vikinishika mimi, mtu mzima, vitashindwaje kushika ubao? Ukuta nimeufuta vumbi, kwa maana nayakumbuka maneno ya Dokta. Nikasimama juu ya ngazi, nikaweka mguu ukutani, nikasubiri ushike. Nikaweka mkono. Nikaweka mkono mwingine. Nikahisi kitu! Uvutano! Nikaweka mguu wa mwisho.

Ulikuwa uvutano wa ardhi.

Nilianguka chali, nikatua juu ya rundo la mabuibui ya Mwanahawa na wenzake. Laini, mazito, yananukia udi. Yasingekuwepo ningevunjika kiuno. Nikalala pale kidogo nikiwashukuru kinamama wote wa Msamvu. Ubao wa dari nao, kwa kishindo changu, ukaniangukia miguuni.

Katika hali hiyo nikasikia sauti ya Bi Mwajuma uani ikimkaribisha mtu, na mtu akiitikia kwa mkato. Mama mkwe!

Mama mkwe wangu hashuki mlimani kwa jambo dogo. Nikamwamkia kutokea nyuma ya mlango. "Shikamoo mama." Marahaba yake ilichelewa njiani. Sisi kwa heshima ya ukwe hatutazamani usoni, na mkwe haingii chumbani kwa mkwe, hilo ndilo lililoniokoa dakika za kwanza. Alisimama uani na tenga lake la mdalasini, akageukia kamba ya nguo, akaiambia kamba ya nguo kwamba yeye hana ugomvi, amekuja tu kuwaona hao wawili. Watoke. Wasalimie. Na huyo mwenye mimba apewe kiti.

Nikasema ndani ya mlango kwamba hawawezi kukaa kwenye kiti.

Bi Mwajuma akasema "Haya!"

Mama mkwe akaiambia kamba kwamba mwanawe amelia siku nzima, na kwamba mwanamume akitaka wake wengine hubadili dini mchana kweupe, hajifichi na mabuibui chumbani. Ndipo nikaelewa. Nikausoma upya ujumbe wangu kwenye simu, kila neno, kwa jicho la mtu wa mlimani. Wako wawili. Chumbani kwetu. Wapole. Nilitaka dari lote lingine liniangukie.

Nikatoka na ndoo. Nywele za saluni zimeninasa kichwani tangu nilipoanguka, burashi miguuni. Nikaitua katikati ya ua, nikaondoa chandarua, nikarudi nyuma kwa adabu. "Hao hapo, mama."

Akachungulia. Mjumbe alikuwa juu kabisa ukingoni, Katibu chini na tumbo lake. Mama mkwe akainua kichwa. Akamtazama Bi Mwajuma. Bi Mwajuma akachungulia. Kisha yule mama, ambaye tangu harusi sijamsikia akicheka, akaweka tenga chini, akakaa juu ya ndoo ya kufulia, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Bi Mwajuma akadakia. Baraka akaja kuona kuna nini, akaelezwa, akalazimika kukaa chini naye.

Nilidhani yameisha. Nikaanza kumweleza, kupitia kamba ya nguo, habari za vishungi na maelfu ya vinywele. Akanisikiliza. Akaniuliza ni miguu mingapi. Nikasema minane. Akasema, na safari hii hakuiambia kamba, aliniambia mimi: "Huyu ana miguu minane na yote ameiweka ukutani. Wewe una miwili. Tangu mtoto azaliwe, hata mmoja haujafika kwangu."

Nilitaka kusema kuhusu kiapo changu. Nikainama kufungua burashi miguuni, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka Baraka aone.

Ameona. Amenisaidia kufungua mguu wa kushoto.

Jumamosi, 14 Juni

Mama mkwe alilala kwa Bi Mwajuma. Alfajiri akaniita kwa kugonga mlango kwa kijiti. Nikabeba tenga lake, tukapanda. Hatukuzungumza njiani ila mara moja, aliponiambia nisikanyage jiwe lile, linateleza. Nikalikanyaga.

Matombo kuna ukungu asubuhi na mikarafuu inanukia bila kuulizwa. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Sehemu ya kwanza, radhi. Sehemu ya pili, sayansi. Yuliana alikuwa amekaa juani mbele ya nyumba, amejifunga kitenge, amenenepa mashavu, mzuri kuliko nilivyomkumbuka, na nilimkumbuka vizuri sana. Hotuba ikapotea yote. Nikasema, "Yuli, ni buibui. Wale wa darini."

Akasema anajua. Mama alimpigia jana. Akajaribu kununa, midomo ikamsaliti. Akaniuliza yule mwenye mimba anaendeleaje. Tukacheka hata kuku wakakimbia.

Kisha akawa hacheki. Akaniuliza kwa nini sikuja. Nikamwambia, si ulisema hurudi mpaka dari lipande? Akanitazama. Akasema aliyoyasema siku ile, neno kwa neno, na mimi nayaandika ili nisiyasahau: "Sirudi mpaka uje unichukue mwenyewe, dari litafuata."

Kila mtu anajua mke aliyetoka uzazini hufuatwa. Haitwi kwa simu, hangojewi stendi. Mume anakwenda, anaonekana, anasema asante kwa wazazi, anamchukua. Mimi pia nilijua. Ila mtandao uliniletea maneno machache, nikachagua lile la dari kwa kuwa lilikuwa na mbao. Yuliana amesema kila jioni alikuwa akipanda kwenye lile jiwe si kwa ajili ya mtandao tu. Kutokea pale barabara inaonekana.

Nilikaa chini karibu naye. Karibu kabisa, bega kwa bega. Akanipa mtoto.

Veronika. Mwepesi! Ana harufu ya maziwa na moshi. Akafungua jicho moja, akanikagua, akalifunga. Nikamgusa kiganjani na kidole changu, akakishika. Nikajaribu kukitoa, hataki. Ngumi ile ya kwenye picha! Nilikaa mkono ukafa ganzi na sikukitoa. Nampenda mtoto huyu, namwogopa, nampenda. Nimelisema kwa sauti mbele ya mama mkwe, ambaye kwa heshima alikuwa anaangalia mgomba.

Nimetoa shukrani kwa wazee kama inavyotakiwa. Kesho tunashuka. Yuliana amesema hata kama kuna tundu, tutalala tukiangalia mabati.

Jumapili, 15 Juni

Nyumbani! Wote watatu!

Tumekuta dari limepanda. Limenyooka, limekaza, skrubu zote zimefunikwa vizuri kwa rangi. Baraka amelimaliza jana, Bi Mwajuma akimshikia ngazi. Nilimkumbusha Bi Mwajuma kwa heshima kwamba alipiga marufuku misumari chumba kile. Akasema hakupiga marufuku misumari, alinipiga marufuku mimi.

Nimemshukuru Baraka kwa moyo wote. Nimemweleza pia kwamba wazo la kulishikilia dari kwa sehemu nyingi ndogo badala ya msumari mmoja mkubwa ni langu. Akasema, "Sawa, Injinia." Alimbeba Veronika kama mtu aliyebebeshwa kioo. Kesho namwalika chai. Mabuibui yamerudi kwa wenyewe, Mwanahawa amekataa kurudisha kava, na yuko sahihi. Mjumbe na Katibu nimewaachia bustanini mwa Bi Mwajuma, kwa siri, na kwa uchungu.

Sasa Veronika amelala chini ya dari imara. Yuliana naye amelala, mkono wake mmoja uko juu ya goti langu, naandika taratibu nisiuondoe. Sijawahi kuwa na jioni ya namna hii. Nina furaha, naiandika wazi bila mapambo.

Jambo moja tu. Kabla hajalala, Yuliana amesema mtoto anaweza kuumwa na kitu, na hataki kuona mdudu wala buibui chumbani tena, hata mmoja. Ni haki yake. Nikafikiri. Dawa ya kupulizia haifai, kuna mtoto. Nikafikiri zaidi. Kumbe jibu lilikuwa mlimani, lilikuwa likidonoa mbele ya nyumba ya jirani wa mama mkwe! Ndege wale wa madoadoa. Wanakula kila kinachotambaa, hawachoki. Wachache tu uani, nyumba nzima inakuwa salama. Na majirani watawataka. Na Mwembesongo yote! Na Mikese!

Boksi ninalo. Maka ninayo. Nimejifunza: bango lililopita lilikuwa refu mno, maneno mengi huwachanganya watu. Hili nimelifupisha, halina nafasi ya mtu kuelewa vingine. Alfajiri nalibandika kibandani, pale ambapo kinamama wote wa Msamvu wataliona:

NANUNUA KANGA.